Mtungi Mmoja, Wagonjwa Wawili: Bakteria wa Utumbo na Kipindupindu

Barua nne nilizozichagua kwa toleo hili zimetoka Mtwara na Lindi, na ingawa waandishi wake hawajuani, wote wanauliza jambo moja kwa njia tofauti: ni nini kinachotokea ndani ya utumbo wa mtu kabla ya kipindupindu, wakati wa kipindupindu na baada yake, na je, bakteria wanaoishi humo siku zote wana neno lolote katika shauri hilo? Wana neno kubwa, na ndiyo maana jibu la barua ya kwanza limekuwa refu kuliko mengine.

*Shikamoo, daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mikindani. Msimu wa mvua uliopita tulikuwa watu saba nyumbani, na sote tulikunywa maji ya mtungi mmoja yaliyochotwa katika kisima kimoja. Mke wangu na mdogo wangu wa kiume walishikwa na kipindupindu usiku mmoja, wakaharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele hadi macho yakaingia ndani, wakapona kwa sababu tuliwahi kuwafikisha kwenye matibabu. Sisi watano hatukupata hata msokoto wa tumbo. Sasa majirani wananong'ona kwamba kama kosa lingekuwa la maji tungeugua sote, kwa hiyo kuna mkono wa mtu, na wanayemnyooshea kidole ni mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye. Naomba unieleze sayansi inasemaje, maana mama hapati usingizi.*

Marahaba, mwalimu. Mpe mama pole zangu, na umsomee jibu hili lote, kwa kuwa limeandikwa kwa ajili yake.

Nianze na ninyi watano. Kutougua si sawa na kutoambukizwa. Walio wengi kati ya wanaomeza vimelea vya kipindupindu, ambavyo wataalamu huviita Vibrio cholerae, hawaoni dalili yoyote au huharisha kidogo tu, lakini kwa muda wa siku moja hadi kumi huendelea kutoa vimelea hivyo katika kinyesi chao. Inawezekana kabisa kwamba kati yenu walikuwamo walioambukizwa bila kujijua, na ndiyo sababu bwana afya anapofika katika nyumba yenye mgonjwa huwataka wote waliomo, wazima na wagonjwa, watumie choo na kunawa mikono kwa sabuni. Hoja ya majirani, basi, inaanguka mapema: maji yale yale yanaweza kuwa yamewaambukiza watu wengi zaidi ya wale wawili walioonekana kuugua.

Kwa nini basi wawili waanguke na wengine wabaki wima? Kizuizi cha kwanza ambacho kimelea hukutana nacho ni tindikali ya tumbo. Katika majaribio yaliyofanywa Maryland, Marekani, na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wazima waliojitolea walimeza vimelea vya kipindupindu kwa viwango vilivyopimwa, na ikaonekana kwamba mtu mwenye tindikali ya kawaida huhitaji kumeza zaidi ya vimelea milioni 100 ndipo augue, ilhali aliyepewa kwanza dawa ya kupoza tindikali anaweza kuangushwa na milioni moja tu. Kwa hiyo kama mmoja wa wagonjwa wako alikuwa na mazoea ya kumeza vidonge vya kiungulia, au alikunywa kikombe kilichochotwa chini kabisa ya mtungi, tayari hakuwa sawa nanyi wengine. Kundi la damu nalo lina sehemu yake, kwa sababu watu wa kundi O wakipata kipindupindu huelekea kuugua vikali zaidi. Aliyewahi kuugua huko nyuma hubaki na kinga ya miaka kadhaa. Hayo yamejulikana kwa muda mrefu, na nayapita haraka ili nifike kwenye jambo ambalo wasomaji wengi hawajalisikia.

Utumbo wa kila mmoja wetu ni makazi ya matrilioni ya bakteria wasio na madhara, wengi wao wakiwa katika utumbo mpana. Wanakula mabaki ya chakula chetu, wanatengeneza baadhi ya vitamini, na kwa kuwa wamekwisha kukalia nafasi na kula chakula kilichopo, mgeni anayeingia hakuti kiti wala sahani. Mwaka 1955 mtafiti Rolf Freter alionyesha jambo hili kwa simbilisi, yule mnyama mdogo anayefugwa kwa kitoweo na watu wa nyanda za juu. Simbilisi wazima hawapati kipindupindu kwa urahisi hata wakilishwa vimelea, lakini Freter alipoangamiza kwanza bakteria wao wa utumbo kwa dawa, maambukizi yalishika na kuwaua. Hakuongeza ukali wa kimelea. Alichofanya ni kuwaondoa walinzi.

Kilichobaki ilikuwa ni kuwajua walinzi hao ni akina nani na wanafanya kazi gani, na kwa hilo sayansi ilirudi mahali ambapo kipindupindu kimezoeleka kwa karne nyingi, yaani Bangladesh. Mwaka 2014 watafiti wa Dhaka na wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa watu wazima tangu walipokuwa wakiharisha hadi miezi kadhaa ya kupona, wakichunguza kinyesi chao hatua kwa hatua. Bakteria mmoja, aliyeitwa wakati huo Ruminococcus obeum na sasa anaitwa Blautia obeum, aliongezeka kadiri wagonjwa walivyopona, na alipopandikizwa katika utumbo wa panya, vimelea vya kipindupindu vilishindwa kustawi. Mwaka 2018 kundi jingine liliwachunguza watu wa nyumba moja na wagonjwa wa Dhaka, watu waliokuwa katika hali ile ile uliyonieleza, mwalimu. Walichukua sampuli za bakteria wa utumbo wao mara baada ya mgonjwa wa kwanza kupatikana, kisha wakasubiri. Bakteria waliokuwamo siku ile walisaidia kutabiri nani angeambukizwa na nani angebaki bila kuguswa. Chungu kimoja, paa moja, matumbo tofauti.

Namna ulinzi huo unavyofanya kazi ilielezwa vizuri zaidi mwaka 2020, katika utafiti ulioongozwa na Ansel Hsiao wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kustaajabisha kuliko zote. Ini hutengeneza nyongo, na nyongo humwagwa katika utumbo mwembamba ili kuyeyusha mafuta ya chakula. Ndani yake mna chumvi iitwayo taurokoleti. Kimelea cha kipindupindu kikiwa katika maji ya kisima hakina haja ya sumu, kwa hiyo hakiitengenezi. Kinapoionja taurokoleti ndipo kinapotambua kwamba kimefika ndani ya binadamu, na hapo huchomoza nywele zake za kushikamana na ukuta wa utumbo na kuanza kutoa ile sumu ambayo mwanasayansi Sambhu Nath De aliithibitisha huko Calcutta, India, mwaka 1959. Sumu hiyo huzilazimisha chembe za ukuta wa utumbo kumwaga chumvi na maji mfululizo, hata mgonjwa aliyezidiwa akaweza kupoteza lita moja kwa saa. Sasa, Blautia obeum ana kimeng'enya kinachoivunjavunja taurokoleti. Katika utumbo wa panya waliopandikizwa bakteria wa watu wenye Blautia wengi, kimelea kiliingia lakini hakikupata ishara ya kukiambia kimefika wapi, na kwa hiyo hakikuanza kazi yake kikamilifu. Panya waliopandikizwa bakteria wa utumbo uliovurugika, kama ule wa mtu aliyetoka kuharisha siku za karibuni, hawakuwa na ulinzi huo.

Nisiwafanye walinzi hao waonekane kama ukuta wa mawe, kwa sababu mgeni naye huja na silaha. Kimelea cha kipindupindu kina kitu mfano wa mkuki mdogo ndani ya mwili wake, ambacho hukirusha ghafla na kumchoma bakteria aliye jirani, kikimpenyezea sumu ya kumuua. Mwaka 2018 ilionekana katika panya wachanga kwamba vimelea vyenye mkuki huo hutumia njia hiyo kuwaua bakteria wa utumbo, na ugonjwa huwa mkali zaidi. Mtu anayemeza maji machafu sana, yenye vimelea kwa mamilioni juu ya mamilioni, anaweza kuwa na bakteria wazuri wa kila namna na bado akashindwa. Hakuna tumbo la kulitegemea mbele ya kisima kilichoingiliwa na maji ya choo.

Kwa hiyo, mwalimu, mkeo na mdogo wako waliangushwa na maji, na ninyi watano mliokolewa na mambo yasiyoonekana kwa macho: tindikali, kinga, kiasi mlichomeza, na bakteria ambao kila mmoja wenu amewabeba tangu utotoni. Mama yako hakuhusika kwa lolote. Nakusihi uwaite wale majirani pamoja na mwenyekiti wa mtaa, uwasomee haya mbele ya mama, kisha muzungumze juu ya kisima hicho: kiko umbali gani kutoka vyoo, kina mfuniko, na nani atasimamia kutia klorini kabla ya mvua zijazo? Mzee anaposingiziwa uchawi katika kijiji chetu anaweza kudhurika kuliko alivyodhurika mgonjwa, na jambo hili lisisubiri.

*Daktari, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa Masasi, na msimu wa korosho huzunguka Newala, Tandahimba na Nanyumbu, nikila kwa mama lishe na kunywa maji yoyote ninayoyakuta, maana huko juu kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya kununua kwa ndoo na huchagui. Kila ninaposikia kuna kipindupindu mahali hununua vile vidonge vya rangi mbili katika duka la dawa, nikameza viwili asubuhi na viwili jioni kama kinga. Hadi leo sijaugua. Je, niendelee?*

Hapana, ndugu yangu, acha leo. Kutougua kwako hakuthibitishi kwamba vidonge vilikukinga, na kwa kuwa umesoma jibu nililompa mwalimu, unaweza kuona mwenyewe unachokifanya: unajifanyia lile ambalo Freter aliwafanyia simbilisi wake. Dawa hizo za antibiotiki hazina macho ya kubagua. Zinapita utumboni zikiwaua walinzi wako kwa wingi, na kwa siku nyingi baada ya dozi ya mwisho utumbo wako hubaki na nafasi wazi. Ukifika Tandahimba siku ya nne ukanywa maji yenye kimelea kisichosikia dawa hiyo, utakuwa umekifagilia njia.

Wala usidhani kimelea kisichosikia dawa ni hadithi ya nchi za mbali. Kilionekana hapa kwetu. Katika mlipuko wa kipindupindu wa Tanzania wa mwaka 1977 na 1978, antibiotiki iitwayo tetrasaikilini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa watu wasioumwa ili wakingike. Profesa Fred Mhalu na wenzake waliokuwa wakipima vimelea katika maabara waliripoti mwaka 1979 kwamba ndani ya miezi sita tu ya kwanza sehemu kubwa ya vimelea ilikuwa imekwisha kuwa sugu. Ripoti hiyo ilisomwa duniani kote na bado inatajwa na wanaofundisha kwa nini dawa zisigawiwe ovyo kama kinga. Inaniuma kwamba somo lililotoka nchini mwetu linasahaulika kwenye kaunta za maduka ya dawa nchini mwetu.

Dawa za antibiotiki zina mahali pake katika kipindupindu: mgonjwa aliyepungukiwa maji sana hupewa na mtaalamu, mara nyingi doksisaikilini kwa dozi moja au azithromaisini, ili muda wa kuharisha ufupike na vimelea vitoke haraka. Wewe usiyeumwa unahitaji kitu kingine. Beba vidonge vya klorini vya kutibu maji, chupa yako mwenyewe na kipande cha sabuni, na kwa mama lishe uagize chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi.

*Mwanangu daktari, mimi ni bibi wa Nachingwea. Tangu zamani tunawapa watoto togwa, na mimi naamini inalinda tumbo. Mkamwana wangu amesoma, anasema togwa ni uchafu tu. Halafu yeye huyo huyo mtoto akiharisha anataka kumwachisha ziwa. Tuamue.*

Shikamoo, bibi. Katika shauri la togwa haki iko kwako zaidi, ingawa si yote. Unapochachua uji kwa kimea, bakteria wa namna ya wale wanaochachisha maziwa ya mgando hutengeneza tindikali, na kimelea cha kipindupindu ni miongoni mwa viumbe wanaoichukia tindikali kuliko wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wadogo wa Tanzania waliokunywa togwa ulionyesha kwamba bakteria wa magonjwa ya kuharisha walipungua katika utumbo wao. Kwa upande wa kipindupindu chenyewe, watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2018 kwamba bakteria aitwaye Lactococcus lactis, anayetumika katika kuchachisha maziwa, aliwakinga panya wachanga kwa tindikali anayoitoa. Kutoka panya mchanga hadi mjukuu wako kuna safari ndefu, kwa hiyo togwa ni chakula chema, na haijawa dawa ya kipindupindu.

Lakini mkamwana naye ana jambo la kusikilizwa. Togwa iliyochacha vizuri kisha ikaongezwa maji mabichi ya kisimani ili iwe nyepesi, au ikakorogwa kwa mkono usionawa, imebeba hatari ile ile unayoikimbia, kwa kuwa tindikali yake imezimuliwa. Chemsha uji kwanza, chombo kiwe safi na chenye mfuniko, na kama ni lazima kuizimua, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Uraka usiuingize katika hesabu hii. Huo ni pombe, na mtu anayeharisha haumfai.

Kuhusu kumwachisha mtoto ziwa, hapo mkamwana amekosea, na naomba umwambie kwa upole. Tangu mwaka 1983 inajulikana, kutokana na utafiti wa Bangladesh, kwamba maziwa ya mama yana kingamwili zinazowapunguzia watoto wanyonyao uwezekano wa kuugua kipindupindu hata wanapokuwa wamemeza vimelea. Tena ndani ya maziwa hayo mna sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga; kazi yake ni kuwalisha bakteria wema wa utumbo wake. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya, anyonye zaidi, na juu ya hayo apewe ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kidogo kidogo kwa kijiko. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu bila kujaza mlima, kisha anza safari ya kituo cha afya wakati huo huo. Kwa mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, au ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi, usisubiri kupambazuke.

*Mimi ni mvuvi wa Kilwa Kivinje. Nilitibiwa kipindupindu, namshukuru Mungu nilipona, lakini ni wiki ya tatu sasa tumbo halijatulia, na chakula nilichokizoea kinanisumbua. Je, ugonjwa bado umo? Na je, wanauza vidonge vya hao bakteria wema?*

Pole sana, ndugu. Kwa kawaida kimelea huwa kimekwisha kutoka muda mrefu kabla ya wiki ya tatu. Unachokisikia yaelekea ni utumbo uliooshwa. Kuharisha kule kulikokunyang'anya maji kuliwazoa pia bakteria wako, na dawa ulizopewa zikamaliza waliobaki. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa Bangladesh waliona kwamba bakteria hurudi kwa zamu, wa aina moja wakiwatangulia wa aina nyingine, kwa mpangilio unaofanana na ule wa mtoto mchanga anayejengewa utumbo wake kwa mara ya kwanza, na huchukua wiki hadi miezi. Wao hurudi kwa chakula unachokula, kwa hiyo usijinyime. Kula maharage, mbaazi, kisamvu, muhogo, matunda yaliyomenywa, ukianza kidogo kidogo.

Katika vyakula hivyo mna wanga, na hapo kwenye wanga pana jambo la kukutia moyo. Sehemu ya wanga haisagwi katika utumbo mwembamba, nayo hupatikana zaidi katika chakula kilichopikwa kikaachwa kipoe. Huteremka hadi utumbo mpana, na bakteria wa huko huugeuza kuwa tindikali ndogondogo zinazousaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Mwaka 2000 madaktari wa Vellore, India, walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kipindupindu ORS iliyochanganywa na wanga wa mahindi wa namna hiyo, na kuharisha kwao kulikoma mapema kuliko kwa waliopewa ORS ya kawaida. Yaani bakteria wachache waliosalia, wakilishwa, walianza kazi ya kuokoa maji katikati ya ugonjwa wenyewe. Kiporo cha ugali ukikila, basi, kihifadhi kikiwa kimefunikwa, ukipashe moto hadi kichemke ndani ndipo ukile, kwa kuwa kimelea hustawi vizuri katika chakula kilicholala wazi.

Vidonge vya Blautia kwa ajili ya kipindupindu haviuzwi, na yeyote anayekuuzia dawa ya kurudisha bakteria wote kwa siku tatu anakuchukulia fedha yako bure. Ukiona damu katika choo, homa, au uzito unaendelea kupungua baada ya mwezi wa pili, nenda hospitali ukapimwe, kwa sababu hayo si ya kipindupindu na yana matibabu yake. Mpaka wakati huo, usinunue antibiotiki nyingine ya kutuliza tumbo. Zungumza na daktari aliyekutibu kabla ya kumeza chochote.